Kibodi Iliyokwenda Rongai

Shangazi yangu alikuwa na ofisi ndogo ya kuchapa barua mjini Nakuru. Kila jioni alifunga mlango kwa kufuli mbili, kisha akaenda na kibodi nyumbani Kiamunyi, imefungwa kwa leso ndani ya mkoba, juu ya sukuma wiki. Nilimuuliza kwa nini. Mwaka huo wa 2007 nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, na sikuwa na kazi nyingine ila kuuliza kwa nini.

"Mwizi akija atakuta televisheni isiyo na stesheni," alinijibu. "Ataiacha."

Nikamwambia mwizi anaweza kununua kibodi nyingine. Akaniuliza kama nimewahi kuona mwizi akinunua kitu. Sikuwa nimewahi.

Ijumaa moja alitoka nyumbani moja kwa moja kwenda Rongai kumwona mtoto mchanga wa rafiki yake, akaniachia funguo. Nilifungua saa saba, kwa kuwa sikuamini kwamba kuna wateja wa asubuhi. Mara akaingia msichana aliyevaa viatu vya kuazima. Visigino vilichomoka kila hatua. Saa nane alikuwa na mahojiano ya kazi ya mapokezi katika hoteli moja hapo mjini. Jana yake Shangazi alimchapia wasifu wake, lakini stima ikapotea kabla hawajauprinti. Hotelini walimwambia wazi: bila karatasi, usije.

"Ni kuprinti tu, boss," alisema.

Nikawasha kompyuta. Ikalia mlio mmoja, ikaandika kwa herufi nyeupe kwamba haioni kibodi, kwa hivyo nibonyeze F1 ili iendelee.

Nilisoma mara tatu. Chuoni nilibishana na wahadhiri wengi, lakini hakuna aliyewahi kuniambia sina mkono kisha akataka nimsalimie kwa mkono huohuo.

Nikampigia Shangazi. Nyuma yake akina mama walikuwa wakipiga vigelegele.

"Shangazi, kibodi iko wapi?"

"Ninayo hapa kwa mkoba. Kwani?"

"Kompyuta inataka F1."

"Ngoja." Nikasikia zipu ya mkoba ikifunguliwa. "Hii ya huku juu?"

"Ndiyo, lakini—"

"Nimebonyeza. Imekubali?"

"Shangazi, waya haujafika huku!"

"Na hii simu ina waya? Si unanisikia? Ngoja nibonyeze tena, kwa nguvu."

Ninakiri kwamba nilitazama skrini. Msichana naye akatazama.

"Boss," akasema, "saa saba na nusu."

Nikakimbilia duka la jirani, kwa mzee wa Kihindi aliyeuza vitambaa na ambaye simu yake ya mezani ilikuwa na kufuli. Alinisikiliza, akachomoa kibodi ya kompyuta yake, akakataa kunipa. Aliibeba mwenyewe kwa mikono miwili, kama sinia ya sambusa.

"Kijana, F1 ni bure," alisema, "lakini kibodi ni yangu."

Nikazima kompyuta, nikachomeka, nikaiwasha upya. Safari hii haikulalamika. Picha ya milima ilipotokea tu, mzee akachomoa waya wake. "Imewaka? Haya, nina mteja." Akaenda zake.

Kipanya kilitosha. Nikafungua faili, nikabofya, na printa ikatoa ukurasa polepole. Msichana akausoma, akaniwekea kidole kwenye mstari wa tatu. Umri: miaka 42.

"Nina ishirini na nne," alisema.

Nilitazama mahali ambapo kibodi ingekuwa. Nikamtolea kalamu.

"Nikifutafuta wataona mimi ni mchafu," akasema. "Acha hivyo. Nitawaambia nimejitunza."

Akaondoka mbio, viatu vikipiga makofi.

Saa kumi alirudi akiwa amevibeba mkononi. Wamemchukua, anaanza Jumatatu. Meneja, mama wa makamo, aliusoma wasifu, akamtazama usoni kwa muda mrefu, kisha akafunga mlango na kumuuliza kwa sauti ya chini anajipaka mafuta gani.