Usiwafiche Watoto wa Shule Yako

Mwanangu, iko siku moja ya mvua pale Kitengela, katikati ya miaka ya tisini, ambayo haijawahi kunitoka akilini. Keti vizuri, na hiyo simu iweke kando kidogo, haitakimbia. Nimesikia unataka kufungua shule, na tena shule ya watoto wa watu wasiojiweza. Nimefurahi sana. Lakini kabla hujapaka rangi ukuta wa kwanza, nisikilize.

Kitengela ya wakati huo haikuwa hii ya maghorofa. Ukiiacha barabara ya Namanga kidogo tu ulikuwa nyikani, na nyumbu walikula nyasi nyuma ya vyoo vya shule yetu. Hata hivyo watu walikuwa wakimiminika kutafuta kazi katika viwanda vya nguo vya Athi River na kwenye machimbo ya mawe, na walikuja na watoto wao. Shule ya serikali iliyokuwa karibu ilijaa pomoni. Zile za kulipia zilikuwa za watu wenye magari. Watoto wengi walishinda nyumbani wakilea wadogo zao.

Mwalimu Tabitha aliwaona hao. Alikuwa mama wa Kimaasai kutoka Loitokitok, mwalimu mstaafu, mrefu na mpole, ila ulimi wake ulikuwa na makali ukiutafuta. Kanisa lake lilimpa chumba cha ibada akitumie siku za wiki, naye akaongeza vyumba vya mabati kando yake, ikawa ndiyo shule yetu. Kila Ijumaa jioni tuligeuza viti vielekee madhabahu, na Jumatatu asubuhi tukavigeuza tena vielekee ubao. Mzazi alilipa alichoweza, na asiyekuwa nacho alileta kuni za kupikia uji. Mimi nilikuwa msichana mbichi kutoka Bungoma, nimetoka chuo cha ualimu juzi juzi, nikapewa darasa la nane, lile la mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Kichwa kikavimba.

Mwaka huo tuliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuwa kituo cha mtihani. Hapo awali watoto wetu walifanyia mtihani shule za jirani na alama zao zikahesabiwa huko. Sasa wastani wa alama ungetoka kwa jina letu wenyewe, na wazazi wa Kenya, unawajua, husoma wastani wa shule kwa bidii kuliko wanavyosoma Biblia. Kando ya barabara akademia mpya, moja ya zile shule za kulipia, ilikuwa imetundika kitambaa kikubwa chenye wastani wake. Wazazi wetu waliokuwa na nafuu kidogo walianza kuchungulia huko.

Nikapata ujanja. Wala haukuwa wangu, maana shule nyingi zilikuwa zikiufanya, na sidhani kama umekwisha. Unawachukua watoto wazito darasani, unawaandikisha mtihani katika shule nyingine. Wale wakali wa masomo wanabaki kwako, wastani unapaa, nawe unatundika kitambaa chako. Nilikuwa nimeshazungumza na mwalimu mmoja wa upande wa Isinya, akakubali kuwapokea. Nikaenda kwa Mwalimu Tabitha nikisubiri kupongezwa.

Nilimkuta akimenya viazi vya chakula cha mchana. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza, "Ni nani na nani?"

Nikawataja. Wa kwanza alikuwa Mumbi.

Mumbi alikuwa mkubwa kuliko wenzake. Mama yake alishona mashati kiwandani, na miaka kadhaa Mumbi alibaki nyumbani na wadogo zake kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuwaangalia. Alipokuja kwetu alikuja nao, mmoja mgongoni, mwingine akimshika sketi. Hesabu zilimtesa, lakini mvua inyeshe, jua liwake, alikuwa shuleni.

"Mwite," Mwalimu Tabitha akasema.

Mumbi akaja ameshika viatu mkononi, miguu imejaa ule udongo wetu mweusi.

"Sasa mwambie vile umeniambia," Mwalimu Tabitha akaniambia. "Mimi niko hapa."

Mwanangu, nilitafuta maneno matamu. Nikamwambia atafanyia mtihani shule nyingine, shule nzuri, iko na madawati mapya. Akaitikia, "Ndio, mwalimu." Nikadhani yamekwisha. Kisha akainua mkono, kama vile tuko darasani.

"Mwalimu, niko na swali. Huko wakiniuliza mimi ni wa shule gani, niseme ni gani?"

Mwalimu Tabitha akaweka kisu chini. "Mjibu, Nekesa."

Nikaanza kumsifia tena yale madawati. Mumbi alinitazama kidogo, akainamisha kichwa. "Ni hesabu, eeh?" akasema polepole. "Nilijua tu." Hakulia. Heri angelia. Aibu niliyoipata saa ile sijawahi kuipata tena, na nimezeeka.

"Rudi darasani, mama," Mwalimu Tabitha akamwambia. "Mtihani utaufanyia hapa hapa."

Alipotoka, akanigeukia. Hakupaza sauti.

"Wewe unafikiri nilijenga hii shule juu ya nani? Hao wakali hata wakisomea porini watapita. Huyu kila mlango anabisha anaambiwa, jaribu kwingine. Sasa hapa ndio kwingine, Nekesa. Akitoka hapa aende wapi?"

Nami nikajibu kwa hasira, maana nilikuwa mbishi, "Na wazazi wakihama tutakula nini?"

"Tutakula viazi," akasema, akaokota kisu chake.

Nilimfundisha Mumbi hesabu mpaka mtihani ulipofika, kila asubuhi kabla wenzake hawajafika. Sasa najua unachongojea. Unangoja nikwambie aliongoza wilaya. Hapana. Alama zake zilikuwa za chini, na wastani wetu ukawa mbaya kama nilivyoogopa. Wazazi wengine walihama kweli, na muhula uliofuata tulifunga chumba kimoja. Sikudanganyi kwamba wema ulitulipa haraka.

Lakini siku ya kutangaza matokeo, Mwalimu Tabitha aliwaita wazazi wote, akasimama mbele, akasoma majina kuanzia juu mpaka chini. Hakuruka hata moja. Mwanafunzi wa juu na wa chini aliwasoma kwa sauti ile ile, kila mmoja na alama zake, kila mmoja akashikwa mkono. Mumbi alikuwa wa mwisho. Alipotajwa, mama yake alisimama huko nyuma, bado amevaa aproni ya kiwandani, akapiga vigelegele mpaka watu wakageuka. Hakujali alama. Katika ukoo wao hakuna mwanamke aliyekuwa amefika darasa la nane akafanya mtihani. Nililia mbele ya wazazi wote, wala sikujifuta.

Mumbi alikwenda kusomea ushonaji katika chuo cha ufundi Kajiado. Maisha yake ni ya kawaida kama yangu na yako, na watoto wake wote wamesoma.

Basi, mwanangu, shule ya bei nafuu si shule ya karo ndogo peke yake. Karo ndogo hata mjanja anaweza kuiweka. Unapomkubalia mtoto wa mnyonge aingie, mkubali pia atoke kwa jina la shule yako, na alama alizo nazo. Usimfiche ili upendeze barabarani. Siku utakapomwonea haya, utakuwa umejenga akademia kama zile nyingine, ila ya mabati.

Mungu akubariki, akupe mahali pa kusimama na watu wa kukusaidia. Akuletee wakali wachache wa kukufurahisha moyo. Na wale waliokataliwa kila mahali, akuletee hao wengi, mpaka viti vikuishie.