Mwalimu wa njiti anayekataa kutoa jibu

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, mwalimu wa hisabati amesimama dirishani, amewapa mgongo wanafunzi wake hamsini na wawili. Anauma kucha. Nyuma yake darasa la saba linabishana kama soko, na jibu analo yeye.

"Nikiwatazama nitasema," ananong'ona. "Mdomo wangu naujua."

Juu ya kila dawati kuna njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa. Wanafunzi wamejenga mraba mmoja kwa njiti nne. Wameunganisha wa pili ubavuni, zikawa saba. Wa tatu, kumi. Miraba mitano imekula njiti kumi na sita, na njiti za kila dawati zimeishia hapo. Swali ni moja: miraba kumi itakula ngapi?

Wengi wameandika 32, yaani kumi na sita mara mbili. Mwandishi wa makala haya naye alikwisha kuandika 32 daftarini, akaifuta kimya kimya baada ya kuona mwalimu anavyotikisa mguu.

Kwenye kiti cha nyuma amekaa mkuu wa taaluma, fomu mapajani. Darasa hili liko nyuma ya mengine kwa wiki tatu, na uamuzi umeshatolewa: wakifeli jaribio la Ijumaa, watakabidhiwa kwa mwalimu mwingine, anayemaliza mada kwa wakati.

Mwalimu ana miaka tisa kazini. Sita ya kwanza alifundisha kama alivyofundishwa: kanuni ubaoni, wanafunzi wanakariri, kila mtu anarudi kwake salama. Kisha akatoa swali la safu ya pembetatu badala ya miraba. Wanafunzi arobaini na wanne walijibu kwa kanuni ileile ya miraba.

"Mwandiko safi, na wote wamekosa kwa namna moja," anasimulia. "Nikaona hawa hawajakosa, nimekosa mimi. Niliona aibu, sikufichi."

Tangu hapo jioni zake ni za kukata vichwa vya njiti, mama mkwe akimtazama kutoka upande wa pili wa meza.

"Nilidhani mwanangu ameoa mwalimu," mama huyo hutania, "kumbe ameoa seremala wa sisimizi."

Zimebaki dakika nane. Mkuu wa taaluma anatazama saa. Mwalimu anazunguka madawati, anachukua chaki, anairudisha, anaichukua tena. Darasani kuna joto la watu wanaotaka kuambiwa.

Msichana mmoja, ambaye wenzake humwita Bibi kwa sababu hana haraka na lolote, anainuka. Anasukuma dawati lake hadi ligusane na la jirani, kisha anasogeza miraba yake mitano hadi igusane na mitano ya mwenzake. Anainama, anatazama palipokutana, anaondoa njiti moja.

"Hii haina kazi," anasema. "Ukuta mmoja unatosha nyumba mbili. Ni thelathini na moja."

"Na miraba mia?" jirani anamchokoza.

"Kila mraba unaleta tatu. Wa kwanza tu ndio ulioleta moja zaidi. Mia tatu na moja."

Mwalimu anashika ukingo wa meza. Kengele inalia.

"Mwalimu," anaanza mkuu wa taaluma wakishabaki wenyewe, "ubao ni mtupu. Fomu inauliza kama kanuni imefundishwa."

"Imesemwa, mkuu. Umesikia mwenyewe."

"Imesemwa na mmoja. Hao hamsini na mmoja je?"

Si swali la uonevu. Mkuu anaweka alama kwenye hapana, anaaga kwa adabu, anaondoka.

Katika ofisi ya walimu chai inapoa bila kunywewa. Mwalimu anakaa, anasimama, anahamisha daftari kutoka kona hii ya meza hadi ile. Mwenzake wa jiografia anamhurumia.

"Kesho waandikie tu kanuni, ndugu yangu. Funika kombe mwanaharamu apite."

Mwalimu anakiri kwamba wazo hilo linamwasha tangu Jumatatu. Dakika tano za chaki, na Ijumaa wengi wangefaulu.

"Naogopa," anasema bila kuzunguka. "Darasa hili nalipenda, na naweza kulipoteza."

Hata hivyo mpango wake wa kesho hauna chaki. Njiti zitarudi, safari hii kwa umbo la pembe sita, na Bibi ameshaombwa anyamaze mpaka wengine wote waseme walichokiona.

"Na wasipoona?" mwenzake anauliza.

Mwalimu anakusanya njiti zilizomwagika mezani, anazipanga, anazivuruga.

"Basi watachukuliwa, na nitalia," anasema. "Lakini Ijumaa, wakikutana na umbo wasilolijua, nataka wainamie karatasi. Sitaki hata mmoja ainue macho kunitafuta mimi."