Jani Alilolizuia Mama Oyoo

Miaka nenda miaka rudi, pale Kisumu Ndogo ya Kibera, mtoto mchanga akikosa raha na daktari akasema hamwoni na ugonjwa, majirani walikuwa na jibu moja tu: mpeleke kwa Mama Oyoo. Hakuna aliyesema kwa Awiti, ingawa hilo ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Ukiuliza Awiti ungeonyeshwa muuza omena. Kazi ya Mama Oyoo ilikuwa kuosha watoto kwa dawa. Alikuwa na majani manne, yote ameyaotesha katika mikebe ya mafuta ya kupikia nyuma ya nyumba yake ya mabati, na kwa majani hayo aliosha watoto ambao leo wana ndevu na wanampita njiani wakijitia hawamjui.

Usimfananishe na Ambrose wa Soko la Toi. Huyo hupaaza sauti kwa spika kwamba unga wake una jinsengi ya Uchina, manjano ya India, mzizi wa Kongo na gome la mti wa Amerika ambalo yeye mwenyewe hawezi kulitamka, na kwamba kijiko kimoja kinatibu presha, mgongo na ndoa. Mama Oyoo hakuwa na ugomvi naye. Alisema dunia nzima ina majani, lakini jani peke yake ni mboga tu. Kinachotibu ni mkono.

Hayo aliyapokea kwa mama mkwe wake kule Asembo, mwanamke mkali aliyekuwa hacheki ila matangani. Siku alipompa majani, alimpa na maonyo mawili. La kwanza: dawa hukaa katika mkono mmoja na huchanganywa na mkono mmoja. La pili: "Siku ukichoka, itoe yote kwa mara moja. Dawa haigawanywi kama mandazi. Ukiigawanya, nayo itakugawanya wewe." Onyo la kwanza Mama Oyoo alilishika. La pili aliliona ni vitisho vya kizee. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu lake lilivunjika polepole.

Lilianza vidole vilipovimba kwenye viungo, hata kukamua kitambaa ikawa shida. Akamtazama jirani yake wa ukuta mmoja, Nelima, msichana wa Bungoma aliyeuza mitumba ya watoto pale Toi. Nelima alikuwa na mkono laini. Akimpima mtoto sweta, mtoto husinzia. Mama Oyoo akamwita.

"Na kanisa yangu, Mathe?" Nelima aliuliza.

"Nakufunza majani. Sijasema nakubatiza."

Wakaanza na mululuza, jani chungu la kutuliza tumbo. Mama Oyoo alipasua jani katikati, nusu akatafuna yeye, nusu akamtafunisha Nelima, maana ndivyo dawa inavyovuka. Kesho yake tumbo likamsokota Mama Oyoo, akachemsha mululuza, akanywa. Akanywa tena. Ule uchungu unaokunja uso haukuwepo. Ilikuwa kama kunywa maji ya mvua. Alipokuwa bado ameduwaa na kikombe, Nelima akamwita kupitia mabati.

"Mathe, hii mululuza ulitoa huko kwa mto, penye kuna hiyo jiwe kama ng'ombe imelala, si ndio?"

Mama Oyoo hakuwahi kumwambia habari za jiwe. Lilikuwa Asembo, na Nelima hajawahi kukanyaga Asembo. Akafumba macho alitazame jiwe lile ambalo alilikalia tangu akiwa bibi harusi, na hakuona chochote.

Watu walisema ni korona, kwamba humwacha mtu bila pua na bila ulimi. Naye akaona heri iwe korona. Akatoa jani la pili, lile lenye manyoya litambaalo chini. Akatoa la tatu, mrehani mwitu. Siku iliyofuata, pale Toi, Nelima alimkaripia mteja aliyekuwa akitupatupa nguo. Alimkaripia kwa Kijaluo safi, lugha asiyoijua, kwa sauti kavu ya mwanamke mzee. Mama Oyoo alikuwa amesimama karibu. Aliyatambua maneno, ila sauti ilikuwa ya nani, hakukumbuka. Jioni hiyo ndipo alipogundua kwamba hakumbuki tena sauti ya mama mkwe wake.

Akasimama hapo hapo. Jani la nne hakulitoa.

Jani hilo halikuwa na jina. Lilikuwa dogo, la kijivu upande wa chini, na ndilo alilomwoshea Oyoo, mwanawe wa pekee, tangu siku ya kwanza. Oyoo alizaliwa njiani, na ndiyo maana ya jina lake. Alikaa duniani miaka sita, homa ya uti wa mgongo ikamchukua wakati wa mvua. Picha zake ziliungua moto ulipokula safu nzima ya nyumba. Mama Oyoo hakubaki na kitu cha kushika isipokuwa lile jani.

Kila Jumapili asubuhi, kichochoro kikiwa kimya kwa sababu watu wako makanisani, aliketi kwenye stuli akaupa mlango mgongo, akalifikicha jani kiganjani. Kwanza ilikuja harufu. Kisha ndara ndogo, chap, chap, kwenye saruji ya nje. Pazia lilisogea huku chini, kimo cha mtoto, na juu halikutikisika. Kitanda kililia, halafu mgongoni akahisi joto la mtu mdogo aliyemwegemea. Hakuwahi kugeuka. Hakuna aliyemkataza, alijua tu kwamba akigeuka hatamwona, na hatarudi. Harufu ikiisha, joto liliondoka, naye akainuka akapika. Wewe sema ni uzee. Lakini Nelima aliwahi kugonga ukuta Jumapili moja akauliza, "Mathe, uko na mgeni? Nasikia mtoto akicheka."

Sasa mwambie mtu kama huyo atoe nusu ya jani lile. Kila Nelima alipouliza, "Na hiyo ya kijivu?" alijibiwa "Bado," na akiuliza bado mpaka lini, alijibiwa "Nimesema bado."

Jumamosi moja akaja Immaculate, mama kijana aliyetoka Gatina kule Kawangware kwa bodaboda, macho mekundu. Mtoto wake Tracy, wa miezi mitatu, alikuwa ameacha kulia. Mwanzoni yeye na mumewe Wesonga walimshukuru Mungu kwa usingizi. Halafu wakaona mtoto halii akiwa na njaa, halii akidungwa sindano, na akilala macho hayafumbi. Yalikazia kona moja ya dari, usiku na mchana. Naye alikuwa anakonda. Kliniki walimpima damu na kifua, wakasema hawaoni kitu, arudishwe Jumatatu.

"Naogopa haitafika Monday, Mama," alisema Immaculate.

Wakaenda wote watatu, yeye, Mama Oyoo na Nelima. Nyumba ilikuwa orofa ya juu kabisa. Milango mingine ilikuwa na redio na watoto wakigombana. Kwa Immaculate kulikuwa kimya hadi masikio yakauma. Wesonga, fundi wa mjengo, alikuwa ameketi ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Tracy alikuwa kitandani, macho wazi, akitazama kona ile. Mama Oyoo aliitazama pia. Haikuwa na buibui wala ufa, lakini hakupenda kuitazama mara ya pili.

Nelima akayafikicha majani yake matatu katika beseni la maji ya moto. Maji yale yalikuwa yakifuka mvuke, lakini kabla hajamaliza kumtia mtoto miguu yalikuwa yamepoa kama ya mtungi. Tracy hakushtuka. Mama Oyoo akasogea, akafikicha jani lake la kijivu juu ya beseni.

Chap, chap, kwenye ngazi.

"Ni nani amepanda?" Wesonga aliuliza, akainuka kuangalia mlango. Hapakuwa na mtu. Lakini mtoto alikuwa ameacha kutazama dari. Kwa mara ya kwanza aligeuza macho, akayatupa nyuma ya bega la Mama Oyoo, chini kidogo, pale ambapo kichwa cha mtoto wa miaka sita kingefika. Hakulia, ila aliangalia. Ndani ya beseni majani yakajitenga, matatu upande huu, la kijivu peke yake upande ule, na Nelima alipokoroga yalirudi vile vile.

"Haichanganyiki, Mathe," alinong'ona. "Inataka mkono moja."

"Najua inataka nini. Ni mimi nilikufunza."

Nelima hakukasirika. Alichukua jani la mululuza, akalipasua, akampa nusu ili amrudishie dawa. Mama Oyoo akatafuna. Lilikuwa karatasi mdomoni. Dawa ilikuwa imeshavuka, na haikujua njia ya kurudi.

Akatoka bila kuaga, akapanda hadi kwenye paa la jengo, penye kamba za nguo. Aliketi katikati ya mashuka yaliyoanikwa na, tuseme ukweli, alimchukia yule mtoto. Alimchukia Immaculate kwa kujua njia ya kufika Kibera, akamchukia mama mkwe aliyesema kweli. Akafikicha jani jingine. Shuka likasogea huku chini. Joto likamkaa mgongoni, na siku hiyo akalisemesha, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata mara moja.

"Oyoo, nikikutoa utakasirika?"

Lile joto likamwegemea zaidi, basi. Mtoto wa miaka sita anajua nini?

Akasikia hatua za mtu mzima. Immaculate alikuwa amekuja kuanua nepi. Akazikunja moja moja, taratibu, kama kwamba zina kesho.

"Usijali, Mama, kama imekataa," alisema. "Mmejaribu. Mimi nitakaa naye tu."

Nitakaa naye tu. Hayo maneno Mama Oyoo aliyasema mwenyewe wodini, kwa muuguzi, mvua ikipiga dirisha. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Alikaa kidogo mpaka harufu ikaanza kufifia, kisha akapiga moyo konde, akashuka.

Mlangoni alimpa Nelima nusu ya jani. Nelima akaishika bila kuitia mdomoni.

"Hii nikikula, itaenda na nini yako?"

"Wewe kula, nyathina, mwanangu."

Wakatafuna wakitazamana. Mama Oyoo akahisi mgongo wake unakuwa baridi, kama mtu aliyekuwa amemwegemea ameinuka. Nelima akashtuka, akajishika kiuno kwa nyuma, akataka kugeuka. "Usigeuke," Mama Oyoo akamwambia. Halafu akajiuliza kwa nini amesema hivyo.

Majani yakachanganyika. Nelima alipommiminia Tracy maji ya kwanza kichwani, mtoto alikunja ngumi, akafungua kinywa, na kilio kilichotoka kiliwafanya majirani wazime redio. Immaculate akaanguka magoti akilia naye. Macho ya mtoto yakafumba kwa machozi, na yalipofunguka hayakuitazama tena ile kona. Wesonga alimshika Mama Oyoo mikono yote miwili. Mama Oyoo alifurahi kweli, kama unavyofurahi harusi ya watu usiowajua.

Jumapili iliyofuata aliketi kwenye stuli akafikicha jani. Lilinuka majani. Akangoja. Pazia lilining'inia pale lilipokuwa. Jirani akapita akamsalimia, "Sasa Mama Oyoo," naye akaitika, lakini jina lile lilikuwa kama la mpangaji aliyehama kabla yeye hajaja. Alijua kwamba alizaa mtoto wa kiume na kwamba alikufa. Angeweza kukueleza hata ugonjwa. Pua yake ilikuwaje, alichekaje, hakujua. Hakulia. Alitafuta wa kumlilia na hakumpata, na hilo ndilo lililomtisha.

Nelima naye aliacha kumwita kupitia ukuta. Alitoka mapema, akarudi akajifungia. Siku chache baadaye, mchana, alikuja akasimama mlangoni na nguo zake za kuuza zikiwa bado begani.

"Mathe, kuna mtoto hukuja kwangu."

Mama Oyoo alimvuta ndani, akamkalisha. "Akoje?"

"Ako na pengo hapa mbele. Ndara ni kubwa, anaiburuta. Anacheka kabla amalize kuongea." Nelima alisema haraka, kama mtu anayerudisha kitu cha wizi. "Simwoni. Najua tu."

"Anapenda nini?"

"Maembe mabichi na chumvi. Anaogopa jogoo ya watu fulani, wa mlango ya bluu."

Mama Oyoo alisikiliza akiwa ameinama mbele, mikono mapajani, kama anayepewa habari za jamaa aliyeko nchi ya mbali. Lilikuwa pengo la mwanawe, na maembe ya mwanawe, na alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza. "Na anasema nini akija?"

Nelima akazishusha zile nguo begani.

"Ananiita mama," alisema hatimaye. "Kwetu tunaambiwa sauti ikikuita na huoni mtu, usiitike. Sijaitika hata siku moja. Anaita, ananyamaza, anaita tena. Leo ameanza kulia. Nifanye nini, Mathe? Mama yake ni wewe."

Ghafla akageuza kichwa kuelekea ukuta wa mabati, upande wa nyumba yake ambamo hakuwa ameacha mtu. Mama Oyoo akatega sikio. Alisikia mtu akifua nje, na mbali, nyundo ya fundi.

"Anaita saa hii?"

Nelima akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimtiririka.

Mama Oyoo akamshika ule mkono wenye majani yote manne, akaukaza kwa vidole vyake vilivyovimba.

"Mwitikie," akasema. "Mtoto akiita mama, lazima mtu aitike."