Siku Niliyowaogopa Mbuzi Wetu

Juzi nilishuka Ishiara siku ya soko, harufu ya mbuzi ikanipata kabla sijafika sokoni, nikacheka peke yangu. Ngoja nikueleze sababu.

Nilikuwa na miaka minane. Jumapili moja mwalimu wa Sunday school alitusomea habari ya hukumu: kondoo mkono wa kulia, mbuzi wa kushoto, kisha moto. Wenzangu walitoka mbio kwenda kucheza. Mimi nilibaki kwenye benchi, nimekauka. Nyumbani tulikuwa na mbuzi boma zima. Kondoo, hatukuwa na hata mmoja.

Jioni nyanya yangu, aliyenilea, alinimiminia chai, moshi wa kuni ukinukia ndani ya maziwa. Nikakisukuma kikombe.

"Cucu, haya ni ya mbuzi. Tutachomwa sisi sote."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaniuliza, "Hao wa kushoto walikuwa wamefanya nini?"

"Waliwanyima watu maji."

Hapo nikakumbuka. Asubuhi ile, nikipanda kutoka mtoni na mtungi mgongoni, jirani yetu, mama mzee aliyeishi peke yake, aliniomba maji ya kunywa. Nilijifanya sijasikia. Nikamweleza nyanya huku nikilia.

"Basi mbuzi wako umemwona," alisema, akinigusa kifuani. "Yuko humu. Na kondoo yuko humu humu. Mungu akija kutenga, anakuja kukutenga wewe na ubaya wako. Moto ni wa huo ubaya, mjukuu wangu. Sasa kunywa chai, inapoa."

Nilikunywa vikombe viwili. Halafu nikajaza kibuyu maji, nikakimbia kwa jirani kabla jua halijatua. Alikunywa taratibu, akajipangusa mdomo, akanitazama.

"Kumbe masikio yamepona?"

Niliona haya, lakini yeye alikuwa anacheka, nami nikacheka. Akanijazia viganja ndengu za kuchemsha, bado za moto, nikarudi nyumbani nikirukaruka na kuimba.

Wote wawili wametutoka sasa. Maji yamefika kwa mfereji, na njia ya mtoni imemezwa na miiba. Nawafurahia watoto wa leo kwa hilo. Ila ni nadra siku hizi kumpata mtu atakayekuonyesha kosa lako huku akicheka, akakuacha ukiwa mwepesi kuliko alivyokukuta.