Muhula Ambao Sikurudi

Mwalimu mkuu hakunifukuza. Naanza na hilo kwa sababu hapa Gakindu watu wameshaanza kusema mengine, na si haki kwake. Ni mimi niliyeenda ofisini kwake, shule ikikaribia kufungwa mwisho wa mwaka, nikamwambia nataka kuacha darasa la nasari. Alivua miwani akaniangalia.

"Mwalimu, kama ni hasira ya leo, nenda nyumbani unywe chai."

Haikuwa hasira. Mtu mwenye hasira hujua la kusema. Jambo lenyewe lilikuwa dogo mpaka nikaona haya kulieleza. Asubuhi hiyo mtoto mmoja alianguka kwenye ngazi ya darasa, akapasuka mdomo, akanijia akilia, mikono yote miwili imenyooka mbele. Nilimwosha, nikampangusa, nikamweka mapajani mpaka akanyamaza. Kila kitu nilifanya sawasawa. Lakini ndani sikusikia chochote. Ilikuwa kama kuosha kikombe. Nikajiuliza ni tangu lini iko hivi, na sikuweza kukumbuka.

Sijui kama hiyo ni sababu ya kutosha mtu kuacha kazi. Mimi si msomi. Cheti changu nilikipata kwa kozi za likizo, na karibu miaka yangu yote ya kazi imeishia katika chumba kimoja. Labda waliosoma wana jina la hali hii. Labda ni uchovu tu. Mwalimu mkuu naye alifikiri hivyo.

"Nitakushikia nafasi mpaka tufungue Januari," akasema. "Ukibadilisha mawazo, piga simu. Nisipokusikia, nampatia yule msichana wa Kiganjo."

Yule msichana wa Kiganjo alikuwa darasani kwangu muhula huo, akifanya mazoezi ya kufundisha. Alikuwa anamalizia diploma. Ningependa kumwona mbaya, mambo yangekuwa rahisi. Lakini ni mwalimu mzuri. Watoto wakianza kusinzia, anavua viatu anaruka nao. Anaimba vizuri kuliko mimi. Tulipishana kwa jambo moja tu, la mkono na sikio.

Huku kwetu, tangu zamani, mtoto akiletwa shule mara ya kwanza, mwalimu humwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Akilifikia, amekomaa. Asipolifikia, anarudi nyumbani kunywa uji mwaka mwingine. Siku hizi kuna cheti cha kuzaliwa, na hakuna anayeturuhusu kumrudisha mtoto kwa ajili ya sikio. Mimi niliendelea tu.

Msichana akaniambia kwa adabu, "Lakini Madam, hiyo mambo ya sikio inapima mkono tu. Haipimi mtoto."

"Najua. Lakini wazazi wanaipenda."

"Na wewe?"

Niliipenda. Mtoto anajinyoosha, ulimi umetoka nje, na macho yake yote yako kwako umwambie kama amefika. Sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu mwingine.

Siku ya kufunga, wazazi waliniaga. Kina mama walinifunga blanketi mabegani, wakaimba, wakanizungusha uwanjani kama tunavyofanya. Anayeagwa hulia, hiyo pia ndiyo kawaida. Nikangoja machozi. Nikamfikiria mama yangu aliyekufa, ili yaje. Hayakuja.

Nyuma yangu nikasikia sauti, "Ona, hata halii. Kumbe alikuwa anangoja tu kwenda."

Mwingine akamjibu, "Wacha wewe. Kuna watu hulia wakifika nyumbani."

Nilimshukuru huyo wa pili moyoni, ingawa nyumbani pia sikulia. Wa kwanza naye sikuweza kumlaumu, maana alisema alichokiona. Nilikunja blanketi nikaliweka juu ya kabati. Ni blanketi zuri, zito.

Desemba yote nilichuma kahawa. Simu ilikaa mfukoni mwa aproni. Kila nilipowaza kumpigia mwalimu mkuu, vidole vilikuwa vinanata utomvu, nikasema nitapiga nikinawa. Nilipokwisha kunawa, nikasema kesho. Siku nyingine niliona nitarudi, siku nyingine niliona sitarudi, na zote zilipita bila kuniuma. Kahawa ni kazi nzuri kwa mtu wa namna hiyo. Haikuangalii usoni.

Shule ilipobakisha siku moja ifunguliwe, jirani tunayepakana naye alikuja akipita katikati ya mistari ya kahawa, anamvuta mtoto wake wa mwisho. Mtoto alivaa sweta mpya ya shule, mikono ya sweta imefunika vidole.

"Mwalimu, uko? Nimekuletea mtu wako. Mpime."

"Si ako na cheti cha kuzaliwa?"

"Iko. Lakini hiyo karatasi haina sikio. Ndugu zake wote ulipima." Akamsukuma mtoto mbele. "Salimia ticha."

Mtoto aliniangalia kutoka kwa gambuti za miguuni mpaka kitambaa cha kichwa. "Shosho," akasema, kama anavyomwita nyanya yake.

"Ati shosho! Wewe, huyu ni ticha!"

"Ako na kahawa," mtoto akamwambia mama yake, kama anayemsaidia kuona.

Niliweka kikapu chini. Nikamkunjia mkono wa sweta, nikamwonyesha. Akajinyoosha, ulimi ukatoka, kidole kikatambaa juu ya nywele mpaka kikagusa ncha ya sikio. Akaniangalia. Nami nikangoja. Kulikuja kitu kidogo sana, kama joto linalobaki kwenye kikombe chai ikishanyweka. Siwezi kuapa kwamba kilikuja.

"Umefika," nikamwambia.

"Basi niambie ukweli," mama yake akasema. "Kama ni wewe, nampeleka kesho. Kama ni yule msichana, akae nyumbani hii mwaka. Mimi simjui."

Ilikuwa ni simu moja tu. Ningesema niko, na kesho ningekuwepo. Ningemwosha mtoto huyu akianguka, ningempangusa, asijue lolote. Wengi wamelelewa hivyo na wakakua watu wazima wazuri. Lakini nilikumbuka ile mikono iliyonyooka mbele, na jinsi nilivyoipokea.

"Mpeleke kesho," nikasema. "Yule msichana anavua viatu anaruka nao. Ataimba na yeye. Ni mzuri, nakuambia."

"Kwa hivyo haurudi."

"Sirudi." Ndiyo mara ya kwanza nililitamka hivyo, bila labda.

Alichukua kahawa moja mbivu kwenye kikapu changu, akaiminya, akaitupa. "Ulichoka na watoto wetu?"

"Sijui kama ni kuchoka. Nikijua nitakuambia."

"Haya."

Mtoto alikuwa bado ameshika sikio. Hakuna aliyemwambia aachilie. "Shusha mkono, baba," nikamwambia, na akashusha.

Walipoondoka nilitoa simu. Haikuwa haki mwalimu mkuu kuendelea kunishikia nafasi. Kwa ule utomvu nilibonyeza mara mbili kabla haijashika.

"Mpatie yule msichana," nikasema.

"Sawa, Mwalimu," akasema.

Nikarudi kwenye mstari wangu. Nilikuwa nimefika katikati.