Serahangi Aliikata Kamba

Ndugu zangu, naitwa Mwinyi, mzaliwa wa Makorora. Mguu wangu wa kushoto hauna vidole, lakini nimesimama mbele yenu, alhamdulillahi.

Zamani nilikuwa baharia mwenye nguvu zake, na nikirudi likizo nacheza mpira mtaa wa Mabawa. Kazi kwenye meli ya kigeni ya uvuvi nilitafutiwa na jirani yetu Athumani, aliyekuwa serahangi, mkuu wetu sisi mabaharia. Alimwahidi mama atanilinda kama mwanawe.

Tulivua kusini kabisa, kwenye bahari ya barafu. Dhoruba ikatupiga, maji yakajaa chumba cha injini. Tukashusha boti mbili za kuokolea. Serahangi na wenzake walipanda yenye injini, redio na mablanketi. Boti yetu sisi watano, isiyo na injini, ikafungwa nyuma ya yao kwa kamba, watukokote. Mawimbi yalipozidi, kamba ikawazuia kwenda. Nilimwona akiikata kwa kisu chake. Hakugeuka.

Aliyetuongoza ni mpishi, Elia, Msambaa wa Lushoto. Cheo hakuwa nacho. Aligawa biskuti, yeye akila mwisho. Alituamuru tuwekeane miguu tumboni, chini ya mashati. Wangu wa kushoto uliwaka kama moto, kisha ukaacha kuuma. Nikanyamaza kwa aibu siku nzima. Nilipovua soksi, vidole vilikuwa vyeupe kama nta. Nilianza kuvisugua, Elia akanishika mkono.

"Utajichuna. Vifunike tu."

Siku ya nne meli nyingine ikatuona kwa bahati. Nahodha wake alishangaa kutukuta hai, akatueleza alichosikia redioni. Serahangi alishaokolewa siku mbili nyuma, na aliapa kwamba sisi wote tumekufa. Kwa hiyo hakuna aliyetutafuta.

Hospitalini vidole vilikuwa vyeusi, vinanuka. Daktari alisema vikibaki vitaondoka na mguu. Nikakubali vikatwe.

Nilipofika nyumbani, khitma yangu ilishasomwa. Mama alinieleza kuwa Athumani alikaa mkekani na wajomba zangu, akipokea pole. Hilo liliniuma kuliko kisu cha daktari.

Baadaye Athumani alikuja.

"Nisamehe, mwanangu. Niliogopa."

Nilimwamkia shikamoo. Kisha nikaingia ndani.

Vijana mnaokwenda melini, mguu ukifa ganzi semeni mapema, msione haya. Namshukuru Mungu, namshukuru Elia, ambaye hadi leo hunipigia simu akitoka kanisani. Athumani sijamsamehe. Najaribu, bado moyo unakataa. Niombeeni.