Jani la Isale Lililokwenda Ubalozini

Bibi Elinipendo wa Marangu hakuwa na shida na ubalozi wowote duniani. Shida yake ilikuwa moja tu: Godbless, mwanawe wa pekee, mwaka wa nne sasa hapokei simu zake.

Ilikuwa hivi. Godbless alikuwa anapandisha wageni mlimani, akapata mchumba kati ya wageni hao hukohuko juu, akaondoka naye kwenda nchini kwao. Nyumbani akapiga simu harusi ikiwa imeshapita! Bibi alikuwa anamkatia ng'ombe majani, hasira zikampanda mpaka utosini, akamwambia, "Kihamba changu usikikanyage tena!" Akakata. Yaani sekunde tatu tu. Na kihamba ndiyo shamba la ukoo, migomba, kahawa, makaburi ya babu zako, vyote vimo humo. Kumfukuza Mchagga kihambani ni kumwambia hana kwao.

Tangu siku hiyo bibi anapika mtori wa ndizi sufuria nzima, anakula bakuli moja. Jioni anapiga stori na ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe akichoka anageukia ukutani.

Basi mwezi wa tano kijiji kikatangaziwa kwamba balozi anakuja kuzindua tangi la maji la zahanati. Balozi wa nchi gani? Nchi ya Godbless! Jina lake lenyewe halitamkiki, pale kijijini wote wanaiita hivyo. Mabango ya "urafiki wa nchi zetu mbili" yakabandikwa mpaka kwenye banda la kuku la mwenyekiti.

Bibi akaenda mpakani mwa shamba, akachuma jani la isale, akalipiga fundo. Kwa Wachagga ukimkosea mtu vibaya unampelekea isale lenye fundo, na likishamfika lazima asamehe, hana ujanja. Ila linapelekwa na mtu wa heshima, mkono kwa mkono.

"Mama Godbless!" mwenyekiti Thadeus akacheka. "Mzazi anampelekea mtoto isale? Umeona wapi? Si upige picha urushe WhatsApp!"

"Huko kwenye simu kanifungia. Na jani la picha utalishika wapi? Kunywa soda yako, Thadeus."

Kwake mambo yalikuwa rahisi kabisa. Balozi si ndiye anatumwa kupatanisha watu wa huku na wa kule? Mtu wa heshima kumzidi huyo atampata wapi?

Siku ikafika. Mkalimani alikuwa Loveness, mwalimu wa shule ya msingi. Foleni ya zawadi ndefu, dereva anaangalia saa. Bibi akamshika balozi mkono, akamwaga yote, simu, kihamba, miaka minne, "mwambie nimekosa mimi." Loveness akatafsiri: "Anasema karibu sana." Balozi akatabasamu, akapokea jani kwa mikono miwili.

Mikono miwili, jamani! Bibi akarudi nyumbani anaimba, akafagia chumba cha Godbless, akatandika shuka mpya.

Wiki ya tatu Loveness akaja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Amepiga?"

Loveness akamwonyesha simu. Ukurasa wa ubalozi. Jani limo kwenye chombo cha maua mezani, na chini yake wameandika: pambo la asili kutoka Kilimanjaro.

"Fundo wamelifungua," bibi akasema taratibu.

"Nisamehe bibi. Siku ile sikumwambia maneno yako. Niliona foleni ndefu."

Bibi akaliangalia lile jani mpaka kioo cha simu kikazima chenyewe. Loveness akakiwasha.

"Hapo chini watu wanaandika?"

"Ndiyo."

"Andika hilo jani ni la Godbless, mtoto wa Elinipendo wa Marangu. Andika mama yake ndiye aliyekosa."

Loveness akaandika Kiswahili, akarudia na Kiingereza. Baada ya muda simu ikalia ting!

"Ni yeye?"

"Ni ubalozi, bibi. Wameweka kamoyo."

"Kamoyo ndiyo nini?"

"Wanamaanisha wamependa."

Bibi akakaangalia kale kamoyo kekundu, akainuka, akapakua mtori bakuli mbili. "Usiondoke kwanza," akamwambia Loveness. "Godbless tangu mdogo ana mkono mzito kwenye kuandika. Labda ndiyo anaandika."

Loveness akakaa. Wakala, simu ikiwa katikati yao, na kila kioo kilipozima bibi alinyoosha kidole akakiwasha.